Kofia nyekundu kwenye mazoezi ya kwaya: Mkristo ni wa mrengo wa kushoto au wa kulia?

*"Bwana asifiwe, mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa vijana katika kanisa letu hapa Buzuruga, Mwanza. Mdogo wangu yuko chuo, na Jumapili mchana huwa anawafundisha vijana. Amekuwa akiwaambia kwamba Yesu alikuwa mjamaa, na kwamba Matendo ya Mitume sura ya pili ndiyo siasa ya Mkristo. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye kila usiku anasikiliza wahubiri wa Marekani kwenye YouTube, anasema hayo ni mafundisho ya kikomunisti. Kwake yeye aliyeokoka ni wa mrengo wa kulia, na anayeunga mkono mrengo wa kushoto ameunga mkono utoaji mimba, ushoga na kumkana Mungu. Juzi alikuja kwenye mazoezi ya kwaya amevaa kofia nyekundu ya kampeni ya Trump. Mdogo wangu akacheka, ikawa kelele. Watu sita wameshatoka kwenye kundi letu la WhatsApp, na mzee anataka mdogo wangu aondolewe kufundisha. Baba mkwe wangu, Mkatoliki wa Bukumbi aliyewahi kuwa katibu wa kijiji cha ujamaa, anatucheka wote. Mimi mwenyewe napinga utoaji mimba, lakini pia naona wakulima wetu wanaonewa. Je, niko upande gani? Biblia iko upande gani? Na ile kofia tuiruhusu?"*

Bwana asifiwe sana, ndugu mwenyekiti. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye kofia. Mara ya pili sikucheka, maana watu sita kutoka kwenye kwaya ya kanisa la mtaani ni sawa na sauti nzima ya besi kuondoka.

Nikikuelewa vizuri, umefunga maswali matatu kwenye kamba moja: Biblia imeegemea wapi, wewe usiyeenea upande wowote una kasoro gani, na ufanye nini na ndugu zako hawa wawili. Naanza na la kati kwa sababu nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Huna kasoro. Mtu anayepinga utoaji mimba na papo hapo anataka mkulima asidhulumiwe ni Mkristo wa kawaida kabisa wa Kanda ya Ziwa. Nimefundisha historia ya Kanisa kwa zaidi ya miaka ishirini, na watu wa aina yako ndio wanaojaza mabenchi. Kinachokufanya ujione mtu wa ajabu ni kwamba unajipima kwa rula iliyochongwa kwingine.

Tuitazame hiyo rula. Kushoto na kulia kwa maana ya siasa hayakutoka kwenye Maandiko. Yametoka Ufaransa mwaka 1789, kwenye Bunge la mapinduzi, pale waliotaka mfalme abaki na uwezo wa kuzuia sheria walipokaa mkono wa kuume wa mwenyekiti, na waliotaka uwezo huo upunguzwe wakakaa kushoto kwake. Ni habari ya viti tu. Wangekaa kinyume siku ile, leo mzee wako angekuwa wa mrengo wa kushoto kwa imani ileile na kofia ileile.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna mtego wa ziada. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, jina lenyewe linasema. Wazee waliuita wa kuume, na ule mwingine wakauita wa kuke. Kushoto humpi mtu kitu, wala humsalimii nao mkweo. Kwa hiyo "mrengo wa kushoto" likitua sikioni mwetu limeshahukumiwa kabla halijajitetea. Halafu anatokea mtu na Mhubiri 10:2, kwamba moyo wa mwenye hekima uko kuume na wa mpumbavu kushoto, au kondoo na mbuzi wa Mathayo 25, anasema unaona, Biblia imeshaamua. Mhubiri aliandika miaka elfu mbili kabla Wafaransa hawajachagua viti. Na kama mtu anataka kuitumia Mathayo 25, asiishie kwenye mstari wa kondoo na mbuzi. Aendelee kusoma waliulizwa nini: mwenye njaa, mgeni, mgonjwa, mfungwa.

Sasa mzee wako. Nataka nimtendee haki, maana wasiwasi wake kuhusu mimba haukuanzia YouTube. Didake, kitabu cha mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, kilishakataza kuua mtoto aliye tumboni. Hapo amesimama kwenye ardhi ya zamani sana. Anapokosea ni kudhani kwamba kila kitu anachokisikia usiku kutoka kwa wahubiri wale kina umri huohuo.

Mchukue William Jennings Bryan. Alikuwa Mpresbiteri mwenye msimamo mkali wa Biblia, ndiye aliyesimama mahakamani Tennessee mwaka 1925 kupinga fundisho la kwamba binadamu ametokana na wanyama. Kwa vipimo vya mzee, huyo ni mtu wake. Lakini Bryan huyohuyo aligombea urais wa Marekani mara tatu kwa tiketi ya Democrat akiwatetea wakulima waliozama kwenye madeni dhidi ya mabenki na makampuni ya reli. Kwa vipimo vya leo ni wa kushoto moja kwa moja. Yeye hakuona mgongano wowote, wala waliomshangilia hawakuuona.

Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti kule, walipitisha azimio mwaka 1971 wakitaka sheria iruhusu utoaji mimba katika hali kadhaa, ikiwemo ubakaji na hatari kwa afya ya mama. Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu utoaji mimba nchi nzima, na hata wakati huo waliopiga kelele zaidi walikuwa Wakatoliki. Kilichobadilisha mambo ni mwisho wa muongo ule. Serikali ilikuwa imeanza kuzinyima msamaha wa kodi shule za Kikristo zilizobagua watu weusi, wazazi walikuwa na hofu na mabadiliko ya familia na mashuleni, na hasira juu ya utoaji mimba ikazidi kupanda. Mwaka 1979 mchungaji Jerry Falwell wa Virginia akaanzisha chama chake cha Moral Majority kuwakusanya wote hao. Wanahistoria bado wanabishana ni kipi kati ya hivyo kilikuwa kiberiti na kipi kilikuwa kuni. Mwaka uliofuata wakamsaidia Ronald Reagan, aliyewahi kuwa mwigizaji wa sinema na aliyetalikiana na mke wake wa kwanza, kumshinda Jimmy Carter, Mbaptisti aliyefundisha shule ya Jumapili maisha yake yote. Hebu mwulize mzee, kwa upole, yeye angemchagua yupi kati ya hao wawili kuwa mzee wa kanisa.

Kwa nini basi vitu visivyofanana vinakaa pamoja? Dada yangu anauza mitumba pale Mlango Mmoja. Belo linafika limekazwa mikanda, huwezi kuchungulia ndani, unanunua kwa maandishi ya juu. Siku moja nilikuwepo akikata mikanda ya belo aliloambiwa ni la fulana. Fulana zilikuwepo, nzuri tu, lakini katikati zilijaa suruali nene za kuvaa kwenye theluji. Dada yangu akazishika moja moja akiziweka pembeni, akasema, "Huyu aliyefunga hakunifikiria mimi." Na ni kweli. Aliyefunga alikuwa na ghala lake, na hesabu zake, na baridi yake.

Siasa za Marekani ni belo la namna hiyo. Mfumo wao wa uchaguzi humpa mshindi kiti chote, kwa hiyo vyama viwili tu ndivyo vyenye maisha. Anayejali mtoto aliye tumboni anajikuta kwenye chama kimoja na anayetaka kodi ya matajiri ipungue na bunduki ziuzwe bila usumbufu. Anayetaka mgonjwa maskini atibiwe anajikuta na watu ambao juu ya ndoa hawaelewani kabisa. Wakikaa pamoja miaka arobaini wanaanza kuamini kwamba vitu hivi ni ndugu wa damu. Ujerumani wameliishi jambo hilo tofauti. Chama cha Wakristo cha Konrad Adenauer, cha kihafidhina na kinachopinga ukomunisti kwa nguvu zote, ndicho mwaka 1957 kilichopandisha pensheni za wazee na kuzifunga na mishahara ili zipande pamoja. Kwa wahubiri wa mzee wako huo ni ujamaa. Kwa Wajerumani ilikuwa siasa ya Kikristo ya mrengo wa kulia.

Mdogo wako naye asinenepe akisoma hapa, maana zamu yake imefika.

Matendo 2 na 4 ni kweli: waliuza mali, wakagawana kadiri ya mtu alivyohitaji. Lakini avuke mpaka sura ya 5, pale Petro anapomwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla hajaliuza, na hata fedha baada ya kuuza zilikuwa mikononi mwake. Kosa la Anania lilikuwa uongo, si kubakiza. Ule ulikuwa ukarimu wa watu waliojazwa Roho, na ni vigumu kuugeuza kuwa sheria ya nchi bila kubadilisha kitu. Hapo ndipo baba mkwe wako anapocheka, na nadhani ninajua anachokicheka. Mwulize habari za mwaka 1974, za Operesheni Vijiji, wakati watu walipoamriwa kuhamia vijijini watake wasitake. Katibu wa kijiji aliyaona hayo kwa macho. Katika Matendo 2 hakuna aliyepakiwa kwenye lori.

Lakini mzee asishangilie mapema, maana ujamaa wetu haukuwa wa kumkana Mungu. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa siku za kazi, na aliandika wazi kwamba ujamaa ni jambo la maisha ya hapa duniani, haumlazimishi mtu kuamini kwamba Mungu yupo wala kwamba hayupo. Mwaka 1970 alialikwa New York kuzungumza na masista wa Maryknoll, shirika ambalo watu wa Musoma na Shinyanga wanalijua vizuri. Aliwaambia kwamba Kanisa lisipokuwa pamoja na maskini katika kuipinga mifumo inayowafanya wawe maskini, litaonekana limejiunga na wanaowaonea. Ujumbe huo ni wa kushoto ukiupima kwa rula ya 1789. Papo hapo mtu huyo hakuwa na simile na wavivu. Katika andiko lake la Ujamaa la 1962 alirudia msemo wetu wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Na jembe hilo linanikumbusha 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi na asile chakula. Mzee wako lazima anaupenda mstari huo, wahubiri wake wanautumia kupinga misaada ya serikali. Mwambie kwamba maneno hayo, bila jina la Paulo, yaliwekwa kwenye katiba ya Urusi ya Stalin ya mwaka 1936. Mstari mmoja umepanda majukwaa mawili yanayochukiana.

Sasa nije kwenye kiini, maana chini ya kelele zote hizi kuna swali moja la kitheolojia ambalo ni la kweli: dhambi inakaa wapi?

Nimekulia Kwimba. Nikiwa na miaka tisa nilimsindikiza baba kupeleka pamba kituoni, magunia matatu kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Gunia moja tulikuwa tumelipima nyumbani kwa mizani ya jirani, likasoma kilo 61. Kituoni likasoma 54. Baba alitazama sindano, akamtazama karani, hakusema kitu. Kituo kilikuwa kimoja, deni la dawa na mbegu lilikuwa kwenye daftari la karani huyohuyo, na kuirudisha pamba nyumbani kusingemlipia mtoto ada. Karani alikuwa mtu wa kanisani kwetu. Mwezi uliofuata mchungaji alihubiri Methali 11:1, mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana, na karani akasimama mbele ya kanisa akalia, akatubu. Naamini alitubu kweli, maana aliacha kazi. Msimu uliofuata akaja karani mwingine. Mizani ilikuwa ileile, na gunia letu likapungua vilevile.

Hapo mrengo wa kushoto wa Kikristo umepata hoja yake. Umetubisha moyo mmoja, mtambo haukutubu. Dhambi imeingia kwenye chuma, kwenye daftari, kwenye kituo kuwa kimoja. Amosi 8 haiwakaripii watu tu, inakaripia soko zima: kipimo kilichopunguzwa, bei iliyopandishwa, maskini anayenunuliwa kwa jozi ya viatu. Hii ndiyo njia aliyopita Walter Rauschenbusch, mchungaji Mbaptisti aliyezika watoto wengi mno wa maskini New York, akaandika mwaka 1907 kwamba injili inahusu pia jamii. Gustavo Gutiérrez wa Peru aliipita mwaka 1971 na teolojia yake ya ukombozi, na Martin Luther King aliipita kwa miguu.

Ila hadithi yangu haijaisha. Miaka ilipita, wanunuzi wakaongezeka, mizani ikakaguliwa na kubandikwa muhuri. Mfumo ukanyooka. Unajua tulifanya nini? Sisi wakulima tukaanza kunyunyizia pamba maji, na wengine kuitia mchanga, ili gunia lisome zaidi. Walikuwemo wanakwaya. Mrengo wa kulia wa Kikristo unasimama hapa na kusema: tuliwaambia. Ubadilishe mtambo utakavyo, moyo usipozaliwa upya utapata mwanya. Anza na mtu, na nyumba yake, na jinsi anavyolea watoto, na usiipe serikali kazi ya Roho Mtakatifu.

Nimewafundisha wanafunzi wangu kwa miaka kwa kutumia gunia lile, na bado sijapata mtu wa kuniambia ni nusu ipi ya hadithi niikate.

Pande zote mbili zimewahi kuikata hadithi hiyo nusu, na mavuno yao yapo kwenye historia. Afrika Kusini kulikuwa na kanisa la Kiprotestanti la Kireformed lenye nidhamu, lenye familia za kusali kila jioni, likahubiri toba ya moyo kizazi hadi kizazi huku likitumia mnara wa Babeli kueleza kwa nini watu weusi watengwe. Mwaka 1982 makanisa ya Kireformed ya dunia yalikutana Ottawa na kutamka kwamba kuutetea ubaguzi ule kwa Biblia ni uzushi. Upande wa pili twende Nikaragua. Padri Ernesto Cardenal alijiunga na serikali ya mapinduzi akawa waziri wa utamaduni, akiamini ufalme wa Mungu umekaribia kwa njia ya chama. Mwaka 1983 Papa Yohane Paulo II alipotua Managua, Cardenal alipiga magoti uwanjani kumbusu mkono, na Papa akamtikisia kidole mbele ya kamera akimtaka anyooshe mambo yake na Kanisa. Wengi walimwona Papa mkali. Leo Nikaragua inatawaliwa na Daniel Ortega wa chama kilekile. Mwaka 2023 askofu Rolando Álvarez alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 26, na mwaka uliofuata akafukuzwa nchini. Cardenal mwenyewe alikuwa ameshamkana Ortega miaka mingi kabla ya kufa.

Kwa hiyo, je, tukae katikati? Hapana, sipendi sana neno hilo. Katikati mara nyingi ni mahali pa kukaa mtu asiyetaka kuudhi. Ninachokuambia ni ufungue belo, ushike nguo moja moja. Baba mkwe wako amezoea hilo bila kujua. Waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 unalaani ujamaa na kutetea mali ya mtu binafsi, na waraka huohuo unadai mshahara unaomtosha mfanyakazi na nyumba yake, na haki yake ya kujiunga na wenzake. Panda kilima cha Bugando: hospitali iliyojengwa na Kanisa, ikafunguliwa 1971, ikachukuliwa na Serikali, kisha 1985 ikarudi kwa maaskofu ikiendeshwa kwa ushirikiano na Serikali hiyohiyo. Mama anayesubiri zamu pale na kadi yake ya bima hajiulizi kama jengo ni la kushoto au la kulia. Au mtazame Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, ambaye Januari 2024 aliwaongoza maaskofu wa Afrika kukataa baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, na ambaye kila mara huyasema makampuni na watawala wanaoichimba Kongo na kuwaacha wenyeji na mashimo. Marekani wangehitaji watu wawili kuyasema hayo.

Nije kwenye kundi lako. Njia ya haraka ni kupiga marufuku siasa. Kwenye WhatsApp naiunga mkono kwa mikono miwili, maana hakuna aliyewahi kubadilishwa na ujumbe wa sauti wa dakika saba uliotumwa saa sita usiku. Lakini ukipiga marufuku kanisani kabisa, vijana watafundishwa na simu zao, na huko ndiko mzee alikofundishwa. Njia ya pili, kumwondoa mdogo wako, ingenisikitisha. Hajakana ungamo lolote la imani, amezidisha tu mlango mmoja wa Biblia, na tukianza kuwaondoa waliozidisha mlango mmoja, sijui nani atabaki kufundisha. Ila naye asiendelee peke yake.

Ningekuwa wewe, ningewaweka wote wawili meza moja, Jumapili mbili tatu, na Luka 19, habari za Zakayo. Moyo umebadilika, ndiyo, juu ya mti. Lakini mkono umeingia mfukoni palepale: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne. Mzee afundishe sehemu ya marejesho, mdogo wako afundishe sehemu ya toba. Usibadilishe mpangilio huo hata wakikuomba. Wakishazoea, leta jambo la hapa kwetu lisilo na kofia, kwa mfano sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa 2023: nani achangie, asiye na uwezo abebwe na nani, kanisa lina sehemu gani. Kabla mtu hajatoa hoja yake, kwanza aieleze ya mwenzake mpaka mwenzake aseme "ndivyo ninavyosema". Zoezi hilo ni gumu, watu hutoka jasho. Inawezekana pia lisifanikiwe, mzee akasusa. Akisusa utakuwa umejua kwamba tatizo halikuwa Matendo 2.

Yapo mambo ambayo barua kama yangu haitoshi. Mtu akisimama madhabahuni na kutaja chama au mgombea wa kupigiwa kura, usibishane naye kwenye simu. Nenda kwa mchungaji wako uso kwa uso, na asipokusikiliza panda ngazi ya juu yake. Maadili ya uchaguzi wetu yanakataza kampeni kwenye nyumba za ibada, na Katiba hairuhusu chama kuandikishwa kwa ajili ya dini. Vivyo hivyo akitokea mtu, wa ndani au wa nje, anayekusanya michango au namba za kadi za kura za vijana wako kwa jina la harakati za Kikristo, za kulia au za kushoto: simamisha kwanza, wapelekee wazee siku hiyohiyo. Na kama ugomvi huu umeshafika nyumbani, kama wewe na mdogo wako hamli tena sahani moja au mama ameanza kulia, weka historia yangu pembeni uende kwake mwenyewe, kama Mathayo 18:15 inavyosema, wewe na yeye peke yenu. Ikishindikana mchukue baba mkwe. Anayewacheka wote wawili kwa usawa ana sifa nzuri ya msuluhishi.

Kuhusu kofia. Mwulize mzee aliipata wapi. Nina hakika kiasi kwamba ilitoka kwenye belo, shilingi elfu mbili au tatu, na aliyeifunga hakumfikiria. Mtaani aivae, jua la Mwanza ni kali na kofia ni kofia. Akiingia kanisani aivue kama wanaume wengine wote wanavyovua zao, na aiache pale mlangoni na ile ya mdogo wako ya Simba.